Beseni Nililolibeba Kabla ya Arobaini

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu Grâce, kila ninapomwona mwanamke aliyejifungua juzi akijifanya mwili wake hauna neno. Jana ilinirudia kwa sababu yako. Ulitoka chumbani na mtoto begani, ukashika mwimo wa mlango, ukasimama hapo mpaka kizunguzungu kikapita. Nilikuuliza una nini. Ukanijibu, «Ça va, koko,» eti uko sawa, bibi asihangaike, ukatabasamu, ukaenda kutafuta daftari zako za shule. Jumatatu unataka kurudi darasani kufundisha, na mtoto hajafikisha hata wiki tano.

Sikukujibu kitu jana. Mimi nikikasirika hunyamaza, wewe unanijua. Lakini si wewe niliyekukasirikia. Nilimkasirikia msichana mwingine aliyesimama mlangoni hivyo hivyo, hapa hapa Kabondo, akiwa na miaka kumi na tisa, na mtoto aliyembeba ni baba yako.

Unajua kwamba mimi sikuzaliwa hapa Kisangani. Nilitoka Maniema, upande wa Kasongo, na babu yako alinioa Kindu alikokuja kununua mchele. Alinileta huku nikiwa na Kiswahili changu na Kurani yangu, na Lingala sikujua hata ya kumfukuzia kuku. Sikuona kwamba ni tatizo. Majirani wengi walikuwa watu wa kwetu, sokoni nilisikizana na kila mtu, na babu yako mwenyewe alikuwa anaongea lugha zote kama anavyopumua. Nilikuwa na meza yangu ndogo ya mikate barabarani, naikaanga alfajiri na kuimaliza kabla jua halijawa kali. Nikapata mimba. Nikajiona mwenye nyumba kamili.

Babu yako alishuka mto kwenda Barumbu kutafuta samaki wa kukaushwa, akasema atarudi kabla ya siku zangu. Baba yako hakumngoja. Alizaliwa mapema, mdogo, na sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Mama yangu alikuwa mbali, safari ya wiki nzima na zaidi, kwa hiyo aliyekuja kunitunza ni mama mkwe, Mama Bolumbu, aliyepanda mtumbwi kutoka Yanonge siku mbili baada ya kupata habari. Nilikuwa sijawahi kukaa naye peke yangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, asiyecheka ovyo. Kiswahili alichojua kingejaa kiganja kimoja: kula, lala, maji, mutoto. Mengine yote alisema kwa Lingala au kwa Kilokele, lugha ya watu wa mto.

Sasa nikueleze jinsi tulivyolelewa sisi. Kwetu mkwe anaheshimiwa kwa kuinamisha kichwa. Akisema, unaitika. Hukodoi macho, huulizi «unasemaje?», maana kumwambia mkwe arudie maneno yake ni kumwambia hajui kuongea. Na kwetu mzazi anakaa ndani siku arobaini. Anakandwa, analishwa, hashiki kitu kizito. Nilikuja na hayo mawili kichwani, na sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kupigana.

Siku ya sita niliamka nikaona pipa la maji limekauka, na Mama Bolumbu anafunga kitenge kiunoni, anajiandaa kwenda chemchemi mwenyewe. Nikaona aibu. Mkwe anichotee maji mimi nimelala? Nikaenda nikachukua lile beseni kubwa. Nikuambie ukweli ambao sikumwambia mtu kwa miaka mingi: sikutaka kwenda. Nilikuwa bado natembea kwa kushika kuta. Nililichukua beseni ili niambiwe niliache. Wanawake tuna hiyo tabia, tunashika mzigo huku tukingoja mtu atuhurumie, na asipotuhurumia tunamchukia.

Mama Bolumbu alinyanyua mkono akaniambia, «Tika, mwana. Tika!»

Mimi nilisikia «twika». Neno letu, la kila siku. Jitwishe mzigo kichwani, basi. Nikafikiri, huyu mama wa mtoni anavunja Kiswahili, anasema tika badala ya twika. Nilisimama pale, damu ikanipanda usoni. Yeye akaja, akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Na mimi, kwa kuwa kwetu mtu akishika mzigo wako hivyo anakusaidia kuuweka kichwani, niliinamisha shingo nikaingiza kichwa chini yake. Akaliachia. Alinitazama kwa mshangao, mdomo wazi. Nikasema, «Ndiyo, mama,» nikatoka.

Unacheka? Cheka tu, hata mimi hapo huwa nacheka. Ni pale tu.

Njia ya chemchemi inateremka, ukirudi unapanda. Nilipanda na beseni limejaa, tumbo linavuta, nikisema moyoni: kumbe watu wa mto hawana arobaini. Kumbe kwao mwanamke akizaa ni kama mbuzi, anajilamba na kuendelea na malisho. Kesho yake nilichukua tena beseni, akasema tena, «Tika,» na sauti yake ilikuwa kali zaidi. Nikaenda. Siku ya tatu ya beseni alisema mara nne, akapiga kofi paja lake. Nikaenda mbio.

Kilichonichanganya ni kwamba mwanamke huyo huyo ndiye aliyenikanda kila asubuhi kwa maji ya moto, akibonyeza tumbo langu mpaka jasho lake linadondoka mgongoni kwangu. Alinipikia mchuzi wa mbila, matunda ya mchikichi, na samaki, akanitolea miiba kwa vidole vyake. Nilijiuliza, mtu anawezaje kukukanda kisha akakutwisha? Nikapata jibu la kijinga: ananipaka mafuta kama mota ya mtumbwi, ili nifanye kazi. Ukishaamua kwamba mtu anakuchukia, mwanangu, hata wema wake utautafutia maana mbaya.

Basi nikaingiwa na kiburi. Nikasema, kama ni kazi, nitamwonyesha kazi. Nikafua nepi zote na vitenge vyake yeye. Siku ya kumi nikarudi kwenye meza yangu ya mikate, mtoto mgongoni, moshi unamwingia machoni. Wateja walinisifu, wakiniita kwa jina langu. «Mama Zuena, weye iko nguvu kabisa!» Sifa ile ilinipendeza. Nilikuwa nimevaa kitambaa kilicholowa damu, miguu inatetemeka chini ya meza, na bado sifa ilinipendeza.

Nyumbani Mama Bolumbu aliacha kuniongelesha. Hakusema tena tika. Alinikanda kimya, akanipa chakula kimya, akanigeuzia mgongo. Nami nikamgeuzia wangu. Baba yako alianza kulia baada ya kunyonya, ananyonya na kulia, kwa sababu maziwa yalikuwa yanapungua. Mikunjo ya mapaja yake ikalegea. Niliona. Nilimwona mtoto wangu anapungua mikononi, na sikufungua mdomo kumwambia mtu yeyote, maana kusema nimechoka kungekuwa kumpa mama mkwe ushindi.

Siku ya kumi na nne nilikuwa chemchemini. Nilimwacha mtoto nyumbani asubuhi hiyo, nashukuru Mungu kwa hilo. Nilijaza beseni, nikaliinua mpaka magotini, nikahisi kitu cha moto kinateremka miguuni. Nikafikiri nimemwagikiwa na maji. Nilipotazama chini, maji ya kwenye jiwe yalikuwa mekundu.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alikuwa jirani yetu, Mama Véro, mzaliwa wa hapa, anayeongea Kiswahili na Lingala bila kujua ni wapi moja inaishia. Alinidaka kwapani, akanikalisha.

«Mama Zuena! Mutoto iko na siku ngapi?»

«Kumi na ine.»

«Siku kumi na ine, alafu unabeba maji? Nani alikutuma?»

Nikaanza kulia. Yote niliyoyabana yakatoka pale, mbele ya wanawake na madumu yao. Nikasema ni mama mkwe. Kila asubuhi ananiambia twika, ananiambia kwa ukali, na kama sitwiki anapiga kelele.

Mama Véro alikunja uso. «Anasema namna gani? Sema kama yeye iko nasema.»

«Anasema tika. Tika, mwana, tika yango. Anavunja neno tu.»

Alilirudia neno lenyewe, tika. Kisha akaweka mikono kichwani. «Aï, Mungu wangu! Sikia, mama. Ule mama haiko nasema twika. Iko nasema tika. Ile ni Lingala. Tika ni kuacha! Iko nakuambia, acha! Weka chini! Siku zote iko nakukatalia, na weye unabeba tu!»

Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika mume. Lakini kama kuna saa ambayo ardhi ilinikimbia chini ya miguu, ni ile. Nakumbuka niliuliza, «Kuacha?» kama mtoto anayefundishwa kusoma. Kisha sikuona vizuri tena.

Mwanamume aliyekuwa anapita na baiskeli alinipakia nyuma, Mama Véro akanishikilia kwa upande mpaka kwenye kituo cha afya. Walinilaza siku nyingi. Kulikuwa na damu, kisha homa ikafuata damu, na homa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nikifumbua macho namwona Mama Bolumbu amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto mapajani, anangoja nipate fahamu amweke kifuani kwangu, hata kama maziwa ni matone mawili. Hakuruhusu titi likatae kazi yake. Alikuwa anakuja na sufuria ya mbila, ananilisha kijiko kimoja, ananipangusa, ananilisha kingine.

Homa ilipopungua, Mama Véro alikuja kuniona, na Mama Bolumbu akamshika mkono akamketisha. Alitaka kusema nami na alitaka kila neno lifike. Nilifunga macho nikingoja matusi. Nilikuwa nayastahili.

Hakunitukana. Alianza kwa Kiswahili chake kile cha kiganja kimoja, akijitahidi, uso umekunjamana. «Mi nasema tika, weye nabeba. Mi nasema tika, weye nabeba. Mi nafikiri, huyu mutoto iko nanizarau.»

Kisha akahamia Lingala, na Mama Véro akafuata nyuma yake polepole. Alisema aliona msichana wa Maniema amemkazia shingo. Akimkataza jambo, anasema ndiyo mama, na analifanya mbele ya macho yake. Alisema aliumia. Akajiambia, basi, mwache abebe mpaka achoke, atanitafuta mwenyewe. «Na hapo ndipo nilipokosa,» akasema. «Kinywa changu kilikasirika kikajifunga. Mimi mtu mzima, nimezaa mara nane, nilikuona unapauka, nikakufungia kinywa.»

Akaniuliza swali moja tu, na hilo ndilo karipio nililolibeba maisha yangu yote. «Mbona hukuniuliza?»

Nilimjibu kwamba kwetu mkwe haulizwi.

Alitikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasema, na Mama Véro alipotafsiri sauti yake ilimkatika: «Heshima hiyo, mwanangu, karibu imzike mjukuu wangu na wewe.»

Tulilia wote watatu. Mtoto akaamka akalia naye, tukapata sababu ya kuacha.

Nikuambie sasa jinsi nilivyorudishwa kwenye maisha, maana hilo ndilo unalotaka kulifanya kwa siku moja ya Jumatatu. Tulipofika nyumbani Mama Bolumbu aliligeuza lile beseni chini juu nyuma ya nyumba, akalikalia. Wiki mbili za kwanza kazi yangu ilikuwa kula, kunyonyesha na kulala mtoto anapolala. Kisha asubuhi moja akaniwekea kiti nje, nikae juani na watu wanione. Baadaye akaniletea majani ya pondu, yale ya muhogo, kwenye kitambaa, niyachambue nikiwa nimekaa. Siku hiyo nilijisikia mtu tena, huwezi kuamini, kwa sababu ya majani tu. Akaona ninaweza, akanipa ufagio, lakini wa ndani, si wa uani. Kupika kulifuata baadaye sana. Meza ya mikate niliirudia baba yako alipoanza kukaa mwenyewe, na siku za kwanza nilikaanga nusu tu. Wateja walikuwa wamehamia kwa mwingine. Walirudi. Na hata wasingerudi wote, ningekuwa hai.

Na kila asubuhi, kabla ya kunipa kazi mpya, aliniuliza, «Nzoto?» Hilo nililijua sasa, mwili. Mara ya kwanza nilijibu, «Malamu,» mzuri, kama mtu mwenye adabu. Akakataa. Akanishika mgongo: hapa je? Akanishika tumbo: na hapa? Macho, miguu, moyo. Hakuondoka mpaka nitaje mahali. Kama siku hiyo hapakuwa na maumivu mwilini aliniuliza nililia saa ngapi jana, maana alijua kwamba mzazi hulia, na hakuona kwamba ni ajabu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza Lingala, mwanangu. Maneno yangu ya kwanza yalikuwa ya kusema panaponiuma.

Babu yako aliporudi kutoka Barumbu na samaki wake, alikuta mama yake na mke wake wanachekana kwa lugha mbili. Alifikiri mambo yalikwenda vizuri tu. Tulimweleza taratibu.

Lakini liko moja ambalo halikurudi. Sikupata mimba tena. Miaka ikapita, nikanywa dawa za hospitali na dawa za mizizi, hakuna kitu. Mganga mmoja aliniambia homa ile huenda ilifunga njia. Sikumwuliza zaidi, na Mungu peke yake anajua kama ni beseni au la. Ndugu wa Yanonge walikuja siku moja kumshauri babu yako aoe mwingine. Mama Bolumbu alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo. Alisimama katikati yao akawaambia kosa lilikuwa la kinywa chake, na anayetaka kumlaumu mtu aanze na yeye. Hawakulizungumza tena. Ndiyo maana baba yako hana ndugu hata mmoja, na ndiyo maana akiugua mafua mimi silali. Ulikuwa ukiniuliza ulipokuwa mdogo, nami nilikuwa nakuambia Mungu ndivyo alivyopanga. Leo nimekupa habari iliyobaki.

Kwa hiyo nisikilize, mama. Sikukatazi shule. Najua mkurugenzi anaweza kuweka mwalimu mwingine mahali pako, najua ulisoma kwa shida na kazi hiyo unaipenda. Lakini usiende Jumatatu kama mtu aliyetoka likizo. Mwambie bado wiki chache, na kama hawezi, mwombe ufundishe masaa mawili tu ya asubuhi kwanza, ukiwa umekaa kwenye kiti. Mwambie kwa kinywa, usingoje aone. Mume wako ni mtu mwema, lakini hasomi moyo. Anakuona unafua anafikiri unapenda kufua. Mama mkwe wako, yule anayekupigia simu kila jioni, anapokuuliza habari, usimpe habari za mtoto peke yake. Na akisema neno likakuchoma, kabla hujamnunia, mwulize: «Mama, unataka kusema nini?» Mwulize mara mbili. Hutamvunjia heshima. Mimi nilimtunzia mkwe wangu heshima kwa kunyamaza, na kunyamaza huko kulitugharimu sote.

Kazi zako zitakungoja. Zichukue moja, uizoee, ndipo uchukue nyingine. Ile inayokufanya ushike mwimo wa mlango, iache. Na lile neno lako la ça va, nenda nalo kwa wapita njia. Mimi usiniletee. Mimi nikikuuliza, nitajie mahali.

Mungu wa baba zako wa mtoni na Mungu wa mababu zangu wa Maniema, ambaye ni mmoja, akurudishie nguvu zako bila haraka. Maziwa yako yasipungue, usingizi wako ukutafute hata mchana, nyumba yako isikose mtu wa kukushika mkono. Kinywa chako kisifungwe na aibu wala hasira. Na huyu mtoto, akikua, apate ndugu wa kugombana naye sahani.